Mzee wa Ruhusa

Sikumwamini tangu nilipopata akili ya kumjua mtu, na yeye hakumwamini mtu yeyote, kwa hiyo tulikuwa sawa. Mtaani kwetu Ghubra, hapa Maskati, hakuna aliyemwita kwa jina lake. Watoto, wakubwa, wenye maduka, hata imamu wa msikiti, wote walimwita Mzee wa Ruhusa. Mbele yake nilimwita Ami, kama tulivyofunzwa kumwita kila mzee aliyekuja na wazee wetu kutoka Unguja. Nikigeuza mgongo nilimwita jina la mtaa kama wenzangu.

Nyumba yake na yetu zinagusana ukuta. Alifanya kazi baladiya, yaani manispaa, upande wa vibali vya ujenzi, mpaka akastaafu. Ofisi aliiacha, kazi hakuiacha. Kila asubuhi alivaa dishdasha yake iliyonyooka kwa pasi na kofia ya viua, akatoka kuuzunguka mtaa. Akiona tofali limelala mahali ambapo jana halikuwapo, husimama. Husubiri mwenye nyumba atoke, kisha huuliza kwa upole kabisa, "Ruhusa iko wapi?" Ukikasirika hukwambia, "Nauliza tu." Hilo "nauliza tu" lake limewapandisha presha watu wengi, mimi nikiwa mmoja wao.

Aliuliza ruhusa ya banda la njiwa. Aliuliza ruhusa ya bembea ambayo jirani mmoja aliwafungia wajukuu zake nje ya geti. Dereva aliyekuja kushusha kabati la bi harusi alimsimamisha juani mpaka asome karatasi ya mzigo kuanzia juu hadi chini, na bi harusi mwenyewe anachungulia dirishani roho juu. Mtu akimwambia, "Ami, wewe umeshastaafu," alijibu kwamba macho hayajastaafu.

Sasa sikiliza na hili. Jirani yetu wa mbele alipofiwa na mumewe, wanawe waliweka hema barabarani la kupokea watu wa taazia. Mzee wa Ruhusa akaja, akatoa pole yake vizuri, akafuta machozi, tena machozi ya kweli kwa sababu marehemu alikuwa mwenzake wa swala. Kisha akamvuta pembeni mtoto mkubwa wa marehemu akamuuliza kama wana kibali cha kufunga njia. Yule kijana nusura amkunje dishdasha. Kabla hajanyanyua mkono, mzee akaingiza wake mfukoni akatoa kibali. Alikwenda mwenyewe baladiya kukichukua wakati watu wako makaburini. Mtu kama huyu utamfanya nini? Umshukuru au umtukane? Mimi nilifanya yote mawili, moja kwa sauti na moja kimoyomoyo.

Msikitini alikuwa na mtindo wake. Kiatu kimoja alikivua mlango huu, cha pili akaenda kukivua mlango wa upande wa pili, ili mwizi asipate jozi. Akitoka kuswali alizunguka msikiti mzima mguu mmoja wazi, kwenye lami inayochoma, na hakuona haya. Funguo zake alizifunga kwa uzi kiunoni. Akiletewa barua huigeuza nyuma kwanza kuangalia gundi. Kila Ramadhani alipeleka mkate wa kumimina nyumba hadi nyumba, mtaa mzima, bila ya kubagua Mwarabu, Mbaluchi wala Mhindi, lakini hakumkabidhi mtumishi. Alisimama mlangoni mpaka mwenye nyumba atoke aupokee kwa mikono yake mwenyewe. Alitaka auone umefika.

Na uongo hakuujua. Hapa nataka nimpe haki yake. Wengine sisi tukipigiwa simu na mtu tusiyemtaka tunamwambia mtoto aseme hatupo. Yeye alipokea mwenyewe akasema, "Nipo, lakini sitaki kuzungumza na wewe leo." Ukimkaribisha pilau ikawa imekosa chumvi, atakwambia imekosa chumvi, na ataimaliza. Watu wa mtaa wa Khuwair ya Kusini walikuja kumuuliza habari za kijana mmoja aliyeposa kwao. Akawaeleza anayoyajua, mazuri na mabaya. Posa ikavunjika, na wazee wa yule kijana hawakumsalimia tena. Hakujali. Alisema aliulizwa akajibu, basi.

Kichwa chake nacho kilikuwa ajabu. Alikumbuka ni nani aliyemsogezea mwenzake ukuta, nani alijenga jiko la nje kabla ya kibali kutoka, kiwanja kipi kiliuzwa na nani kwa nani zamani Ghubra bado ni mchanga mtupu. Watu waliogombea mipaka walimwendea yeye kabla ya kwenda kwa wakili. Jambo akilisikia mara moja limeshaingia, halitoki. Nalisema hili mapema kwa sababu ndilo lililokuja kunitia wazimu.

Na mimi? Mimi alinitazama. Tangu mdogo nikijua kwamba ananitazama, kama mtu aliyeweka kitu mahali kisha akawa anapita kuhakikisha kipo. Kaka yangu Nassor alimtania, akampiga mgongoni, akamuuliza habari za shule. Mimi aliniuliza kama nimekula. Nilipopata kazi ya ualimu aliniletea pongezi za maneno mawili akaondoka haraka. Baba alipofariki, yeye ndiye aliyemwosha, na aliporudi kutoka makaburini alikaa barazani kwetu akinitazama mimi, si Nassor, mpaka nikaona vibaya nikaingia ndani. Niliwaambia watu mzee huyu ana jambo. Mama akaniambia nina dhana mbaya kama yeye mwenyewe.

Sasa Mama. Mama yangu ana ugonjwa mmoja ambao daktari hana dawa yake, nao ni kuzima AC. Joto la Maskati unalijua, na kama hulijui usiombe. Mwanamke wa umri wake, moyo wake ulivyo, hafai kukaa saa nzima bila ya baridi kuanzia mwezi wa tano. Lakini ukimwashia, ukageuka, ameshazima. Ukimficha rimoti atakwenda kwenye swichi kubwa ukutani. Ukimuuliza, atakwambia umeme ni kitu cha watu, na cha watu hakiachwi kikawaka na mtu amelala. Hilo la bili wala halimhusu, mimi ndiye ninayelipa, lakini yeye hawezi kulala kitu cha watu kinanguruma kichwani.

Mwaka juzi alianguka. Nilirudi kazini nikamkuta sakafuni, mlango umefungwa, chumba kama tanuri, ngozi yake imekauka na maneno yanamtoka ovyo. Hospitali walimrudisha. Daktari aliniita pembeni akaniambia wazi kwamba safari hii tumempata, lakini akianguka tena kwa joto hatutompata. Nilipomrudisha nyumbani nilimsihi, nikamlilia. Yeye akawa anafikiri, kisha akasema jambo lililonipa matumaini. Aliwaona jirani wa nyuma wamepandisha sola juu ya nyumba yao. Akauliza kama ule nao ni umeme wa watu. Nikamwambia hapana Mama, ule ni jua lenyewe. "Basi huo niwekee," alisema. "La Mungu sitalizima."

Kesho yake nilikuwa mtaa wa Ghala, kwenye kampuni moja ya kufunga sola. Walinitumia fundi wao, kijana wa Kikenya jina lake Otieno, mcheshi, aje akague paa. Kabla hajaweka ngazi Mzee wa Ruhusa ameshafika. Akataka kitambulisho. Akataka kujua nani kamtuma. Kisha akamwambia hapandi mpaka apige hodi, kwa sababu juu ya paa letu mtu anaona nyua za watu wote na ndani mna wanawake wamekaa vichwa wazi. Kule kwetu, alisema, hata mkwezi wa minazi hupiga kelele kabla ya kukwea ili wanawake wajisitiri. Masikini Otieno akasimama katikati ya mtaa akapaza sauti, "Hodi jamani, napanda!" Wahindi na Wabaluchi wakachungulia kuangalia nani amepatwa na nini. Nilicheka mpaka nikakaa chini, na mara ile nilikuwa bado naweza kucheka.

Otieno aliposhuka aliniambia, "Mama, hii paa yako iko sawa kabisa, jua haikosi hapa. Sasa nipee tu mulkia ya nyumba nikuombee kibali."

Hapo ndipo mambo yalipokwama. Mulkia, hati ya nyumba, mpaka leo ina jina la baba. Usishangae. Nyumba ngapi za watu wetu hapa Maskati zina jina la marehemu! Mzee akifa, nani atakuwa wa kwanza kutaka karatasi zibadilishwe? Ukitaja tu, utaambiwa unataka kuigawa nyumba na mama yu hai ndani yake. Basi tunakaa hivyo hivyo kwa heshima, marehemu anaendelea kumiliki, na sisi tunalipa umeme na maji kwa jina lake. Lakini maiti hawezi kuomba kibali cha sola. Kampuni ya umeme walinieleza kwa adabu kwamba wanataka sahihi za warithi wote, na kabla ya hizo wanataka mahkama ithibitishe warithi ni nani. Mahkama nayo ikataka mashahidi wawili, watu waliomjua marehemu vizuri tokea hapo, wale kiapo kwamba warithi wake ni mke na watoto wake wawili, Nassor na mimi, na hakuna mwengine.

Nikaona hili si jambo. Nassor yuko mji wa Sohar, nilimpigia akakubali papo hapo, akaniambia nifanye haraka kabla joto la mwakani halijaja. Shahidi wa kwanza alikuwapo, mzee mmoja wa Khuwair ya Kusini aliyekuwa akicheza karata na baba kila Alkhamisi. Wa pili, nani mwengine kama si jirani yetu? Wamekuja ndege moja na baba. Amemwosha kwa mikono yake. Nikafunga kanga juu ya abaya, nikachukua sahani ya kashata, nikaenda kwake.

Alinisikiliza mpaka mwisho, tasbihi imesimama mkononi. Nilimweleza ya Mama, ya daktari, ya sola, ya mahkama. Nilitarajia aulize maswali yake elfu. Hakuuliza hata moja. Alitazama sahani ya kashata kama ndiyo iliyokuwa ikizungumza.

"Babako alikuwa na watoto wangapi," alisema, "sikumbuki."

Nilidhani anatania. Nikamwambia, "Ami, mimi ndiye huyu hapa, na Nassor. Wawili."

"Nnasahau siku hizi, mwanangu. Tafuta mwengine."

Wallahi nilirudi nyumbani na sahani yangu mkononi, sikuiacha. Anasahau! Mtu ambaye wiki ile ile alisimama mbele ya msikiti kumweleza Mbaluchi mmoja ukuta wa babu yake ulipinda wapi! Anakumbuka tofali za watu, hakumbuki watoto wa rafiki yake waliokua wakirukia ukuta wake kufuata mpira. Nikajua hapa pana kitu. Nilimpigia Nassor nikamwambia mzee anaitaka nyumba. Labda kajitungia deni alilomdai baba, labda anangoja Mama afe tugombane, anunue kwa rahisi aunganishe viwanja. Nassor akasema ni uzee. Nikamwambia uzee gani unaochagua?

Mama nilimweleza kwa hasira, nikizunguka chumbani. Nikamwambia rafiki wa mumewe ati amesahau mumewe alizaa wangapi. Mama hakushangaa, na hilo nalo likanichoma. Alisema, "Mwache." Kisha akanyoosha mkono akazima AC.

Nikaanza kumchunguza mchunguzi. Nikamwona amepanda juu ya paa lake na futi ya fundi, anapima, kisha anasogea ukingoni anatazama kwetu, anatazama dirisha la chumba cha Mama. Kesho yake tena. Otieno alipokuja kuuliza karatasi zimefikia wapi, aliniambia, kwa kujikunakuna kichwa, kwamba yule mzee alimkimbilia barabarani akataka naye awekewe sola, haraka. Mulkia yake ina jina lake, yu hai, hana wa kumsubiri. Sasa niambie, mzee anayelala barazani kwa sababu hapendi baridi ya mashine, sola ya nini? Mie nilijua tu. Anataka aonekane yeye ndiye wa kwanza, halafu aende baladiya aseme zetu zitaziba jua lake. Kazi yake ilikuwa hiyo, anajua kila mlango wa kupitia.

Kisha yule mzee wa Khuwair akanigeuka. Nilikwenda kumpa siku ya mahkama, nikamkuta hanitazami usoni. Baada ya kumbana sana akasema jirani yetu alimtembelea. Hakumkataza, hakumtisha. Alimuuliza tu kama aliwaona watoto wa marehemu wakizaliwa. "Sasa mimi, mwanangu, nilimjua babako hapa hapa Maskati," aliniambia. "Nyinyi nimekukuteni mnatembea. Nitaapa vipi kitu sikukiona?" Nikamwambia hakuna shahidi duniani aliyekaa na mkunga! Akasema ndiyo, lakini swali lile limemkaa rohoni, naye ni mtu mzima, karibu na kaburi, aniwie radhi.

Siku ile niliacha kumsalimia Mzee wa Ruhusa. Kwa watu wetu hilo si jambo dogo. Mtu mnagusana ukuta, amemwosha babako, unampita mlangoni kama unapita nguzo. Alinitolea salamu, nikaingia ndani. Alileta mkate, nikamwambia mtumishi aseme hatupo, na ulikuwa uongo, na tulijua sote. Aliuacha kwenye kizingiti. Mama akatuma uletwe, akaula peke yake.

Joto likaja mapema mwaka uliofuata. Nilichukua likizo nikae naye, nikawa mlinzi wa AC, tunapokonyana rimoti kama watoto. Siku moja nilikwenda dukani tu, hapo hapo nje. Niliporudi, chumba kimya. Alikuwa amekaa chini, ameegemea kitanda, macho yamepinduka. Nikamwagia maji, nikapiga mayowe, na wa kwanza kuruka ukuta wetu, kwa umri wake ule, alikuwa yeye. Tulimbeba pamoja mpaka garini. Hospitali walimlaza, na safari hii nayo wakampata, kwa shida.

Wiki tuliyomrudisha Mama nyumbani, gari la Ghala lilisimama mlangoni kwa jirani. Nilichungulia nikamwona Otieno na wenzake wanapandisha vioo, kimoja baada ya kimoja, juu ya paa la mzee. Kibali chake kilitoka. Changu hata ombi halijaingia. Niliwaangalia siku nzima wakifunga, na chuki niliyoihisi nakiri sikujua kama ninayo. Mama yangu ndani anapigania pumzi, na mtu aliyenizuia anapandishiwa jua juu ya kichwa chake.

Siku chache baadaye, watu wametoka msikitini swala ya Alasiri, nilisikia kitu kinakwaruza ukuta. Nikatoka uani. Mzee wa Ruhusa amepanda juu ya kiti upande wake, kichwa na mabega yanaonekana, kofia imekaa upande, na anashusha waya mweusi mnene upande wetu, taratibu, mkono kwa mkono, kuelekea dirisha la Mama.

"Hii haina ruhusa," alisema kabla sijafungua mdomo. "Nimeuliza, wamekataa, ni haramu kupeleka umeme nyumba ya pili. Ukitaka kunishitaki, nenda. Kwanza uchomeke AC ya mamako. Mwambie ni jua, na ni kweli ni jua."

Nikamwambia sitaki waya wake. Nataka aende mahkama aseme anachojua, kama anavyowasemea watu wote wa Maskati, halafu Mama apate sola yake juu ya paa la mumewe, si ya kupitishiwa ukutani kama ya wizi. Nikamwambia amesahau nini? Amesahau vipi? Nikamwambia aseme, leo, hapa hapa.

Aliuachia waya. Mikono yake ilikuwa na vumbi, akaifuta kwenye dishdasha nyeupe bila ya kuangalia.

"Unataka niseme?" aliuliza.

"Ndiyo."

Akasema. Hakuteremka kitini. Alisema walipofika hapa kutoka Unguja, wamechoka, uwanja wa ndege kulikuwa na afisa mezani, na waliokuwa wakipokewa ni mtu na mkewe na wanawe. Baba Kiarabu kilikuwa kizito mdomoni mwake, na yeye, kijana aliyesoma, ndiye aliyekuwa akijibu kwa niaba yao. Mama alikuwa na watoto wawili mikononi. Mmoja, Nassor, hajaachishwa ziwa. Wa pili alikuwa kichanga wa dada yake baba, yule shangazi tunayemsomea khitma kila mwaka, aliyefariki siku ya kuzaa. Na mumewe wa shangazi hakuwa wa kuulizwa, alikwenda asirudi. Kichanga hakikuwa na karatasi yoyote. Afisa akauliza, hawa wawili wote ni wake? Baba akanyamaza.

"Ulikuwa unalia," mzee alisema. "Nikasema wote wake. Mara moja hiyo nimekutolea ushahidi wa uongo, na sijutii. Lakini ile ilikuwa kukuingiza mlangoni. Hii ni mirathi. Nikiapa ni binti yake, nakula haki ya Nassor. Nikisema kweli, nakutoa nyumbani kwenu kwa mkono wangu. Basi nikasahau."

Nilikumbuka kwamba ukuta una joto, nimeuegemea na sikuwa nausikia. Nikamuuliza nani anajua. Akasema baba, yeye na Mama, na mmoja ameshakufa. Nassor hajui. Nikamuuliza kwa nini sasa. Akasema kwa sababu nimemtaka aseme, na kwa sababu sasa ni mimi mwenye jambo. Nikipata mashahidi wengine hatowauliza chochote.

Sikuwatafuta. Mpaka leo mulkia ina jina la baba.

Akauokota tena waya, akaunyoosha kwangu juu ya ukuta.

"Kuapa siwezi, mwanangu," alisema. "Waya naweza."

Niliupokea. Nikauburuta uani, nikaupitisha dirishani, nikaingia chumbani kwa Mama. Alikuwa amekaa kitandani anajipepea kwa kipepeo cha ukili, kanga imelowa mgongoni. Nikachomeka. Mama akautazama waya, akaufuata kwa macho mpaka dirishani, mpaka ukutani, kisha akarudi kunitazama mimi.

"Kashakwambia," alisema.

Nikasema ndiyo. Nikabonyeza rimoti, AC ikaanza kunguruma, na nilisubiri anyooshe mkono. Hakuunyoosha. Alisogea akajibana ukutani kunipisha nilale, upande unaofikiwa na baridi.